Matundu Matatu ya Mzee Kipimo

Mzee Kipimo alikuwa na dharau za kuugawia mtaa mzima na bado zikabaki. Aliwadharau mafundi bomba kwa kuwa walikaza nati kwa kukisia. Aliwadharau maseremala kwa kuwa mbao, alisema, inasamehe, na mtu anayefanya kazi na kitu kinachosamehe hawezi kushika adabu. Aliwadharau hata majirani waliotundika picha ukutani bila pimamaji. Akialikwa kwao, alikaa ameinamisha kichwa upande, akiinyoosha picha kwa macho huku chai ikimpoa.

Miaka thelathini na minne alikereza na kutoboa vyuma katika karakana kubwa ya mitambo, na huko ndiko alikopewa jina la Kipimo, kwa sababu hakuwahi kuamini namba iliyotoka mdomoni mwa mtu mwingine. Ukimwambia bomba lina sentimita tano, atatoa kalipa mfukoni alipime mbele yako, kisha akutazame kwa huruma. Wenzake walimpa jina hilo kumcheka. Yeye alilipokea kama cheo, na mpaka anastaafu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Lakini kitu alichokidharau kupita vyote kilikuwa mchezo wa mkewe. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na moja, mama huyo alibeba mfuko wake mzito akaenda kwenye ukumbi wa bolingi ulio nyuma ya duka la samani. Kipimo aliuita mchezo wenyewe "kuviringisha tikiti."

"Watu wazima na akili zao," alikuwa akisema, "wanavaa viatu vilivyovaliwa na wengine, wanaviringisha tikiti liangushe chupa, halafu mashine inazisimamisha tena. Sasa umefanya nini hapo?"

Ukumbini hakuwahi kutia mguu. Mkewe alimwalika mwaka wa kwanza, akamwalika wa pili na wa tatu. Wa nne akanyamaza, na Kipimo akadhani hoja yake imemwingia.

Jumatatu moja mkewe alirudi na tufe jipya, akaliweka mezani sebuleni juu ya taulo lililokunjwa. Lilikuwa la zambarau, zito la kuchosha mkono, linang'aa, wala halikuwa na tundu hata moja. La zamani lilikuwa limepata ufa kutoka tundu la kidole gumba mpaka matundu ya vidole, halifai tena. Wanawake wenzake watatu walikuwa wamemchangia hili kwa sababu timu yao imeingia fainali, fainali ni Jumamosi, na yeye ndiye nahodha, ndiye wa kutupa mwisho.

"Kesho nalipeleka kwa fundi wa pale ukumbini anitobolee," alisema. "Haya mtu hanunui yakiwa na matundu. Unapimwa mkono wako, unatobolewa matundu yako, mawili ya vidole na moja la kidole gumba. Likikosewa kidogo tu, kidole kinanasa au tufe linakuponyoka."

Kipimo akashusha gazeti. "Umesema mtu anapimwa?"

"Ndiyo."

"Na anayepima ni Chingamu?"

Mkewe akavuta pumzi. Kipimo alikuwa amekutana na fundi huyo mara moja tu, msibani kwa mama mkwe, na kijana alimpa mkono huku taya zikitafuna. Tangu siku hiyo jina lake kwa Kipimo likawa Chingamu, na kila la kheri alilowahi kulifanya likafutwa. Mtu wa kutafuna mbele ya jeneza, Kipimo alisema, hawezi kuwa na mkono mtulivu.

"Tufe hili halitoki nyumbani kwangu," alisema sasa. "Nimetoboa vyuma vya unene wa kifua cha mtu, leo mke wangu aende kutobolewa plastiki na Chingamu? Watu watanielewaje?"

"Baba watoto, hakuna mtu anayekufikiria wewe. Nafikiria Jumamosi. Nikikosa tufe la kunikaa mkononi tumekwisha, na wale wenzangu wamesubiri fainali hii miaka kumi na moja kama mimi."

"Basi lala usingizi."

"Utanisikiliza lakini?"

"Nisikilize nini? Nani fundi humu ndani?"

Mashine ilikuwa stoo, imefunikwa gunia, tangu karakana ilipofunga milango na mafundi wakagawana vyombo. Ilikuwa drili ya kusimama, chuma kitupu, yenye nguzo nene kama paja na kichwa kizito juu kama fahali. Jumanne akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani mpole mwenye futi kamba shingoni hata siku zisizo za kazi, wakaiburuta pamoja mpaka kwenye kona yenye sakafu nzuri ya saruji. Kipimo alimruhusu shemeji kushika uzito tu. Akili aliishika mwenyewe.

Asubuhi nzima ilikwenda kwenye kuinyoosha. Aliweka pimamaji juu ya meza ya mashine, akatia vipande vya bati chini ya mguu huu, akatoa, akatia chini ya ule, mpaka kitone cha hewa kikakaa katikati bila kutikisika. Akatoboa sakafu, akaifunga mashine kwa bolti nne. Akahamisha mkanda kwenye puli ya mwendo wa polepole kabisa, maana plastiki ukiiendea mbio inayeyuka na kuganda kwenye biti ya kutobolea. Akapima kutoka ncha ya biti mpaka kwenye nguzo, akapata sentimita kumi na sita. Nusu ya tufe ni kumi na moja. Linaenea.

"Sasa tatizo la tufe," alimfundisha shemeji ambaye hakuuliza, "ni kwamba halina upande wa kukalia. Biti ikiligusa tu, linazunguka linakuvunja kiwiko. Chingamu hajui haya. Yeye ana mashine iliyonunuliwa tayari, anabonyeza kitufe."

Akakata pete ya bomba pana, akaichomelea kwenye bamba, akaivisha mpira wa ndani wa baiskeli, na juu yake akaweka mkono wa chuma wa kulibana tufe kwa skrubu. Chini ya bamba akatia kabari nyembamba za kuliinamisha, kwa kuwa matundu ya bolingi hayaendi wima. Kila moja hulala kidogo kufuata vidole vinavyoingia. Kwa haki, ilikuwa kazi ya kupendeza. Kipimo mwenyewe aliizunguka mara mbili akiitazama, na alikuwa karibu kujipa mkono wa pongezi.

"Na dada umeshampima?" shemeji aliuliza, akijifuta grisi.

"Kesho."

"Umewahi kumwona akicheza?"

"Nimwone wa nini?"

"Aa, mimi tu. Nguo siikati mpaka nimwone mtu akitembea. Kuna mtu ana bega moja liko chini. Ukimpima amesimama kajikaza, hulioni."

Kipimo akasonya. "Ndiyo maana suruali zako zinapwaya. Shemeji, umewahi kumwona fundi vitanda akienda kuchungulia watu wanavyolala?"

Shemeji alicheka mpaka futi kamba ikamdondoka, akasema hapo amemweza, akaenda zake akicheka. Kipimo alihesabu kicheko hicho kama ushindi.

Jumatano jioni mkewe alikuwa akipiga pasi. Kipimo akamkuta hukohuko, na kalipa, bikari, penseli iliyochongwa kama sindano na karatasi ya mraba.

"Nipe mkono."

Mkewe akasimamisha pasi, akampa wa kushoto.

"Wa kulia, mama. Unanipa wa kushoto kama mtoto asiyefundishwa?"

Mkono ukabaki hewani. "Baba watoto, mimi huwa—"

"Huwa unaongea, hilo nalijua. Nyamaza kidogo, nikipoteza namba naanza upya."

Mkewe alimtazama. Lilikuwa tazamo refu, na mtu mwingine angelisimamia akaliuliza habari zake. Kipimo alikuwa anapuliza vumbi kwenye kalipa. Mkono wa kushoto ukashuka taratibu, ukajifuta kwenye gauni, na wa kulia ukaja ukalala juu ya karatasi.

Akaupima kama usivyowahi kupimwa mkono wa mwanamke yeyote. Alipima unene wa kila kidole kwenye kila kiungo, umbali kutoka kidole gumba mpaka cha kati, mpaka cha pete, na jinsi kiganja kinavyopanuka kikinyooka na kinavyopungua kikijikunja. Aliandika namba zenye desimali mbili. Alipofika kwenye kidole gumba akakigeuza huku na huku, akacheka kwa pua.

"Mwaka mzima unalalamika kidole gumba kimevimba, kidole gumba kinauma. Kimevimba wapi? Hiki kidole kizima kama cha bibi harusi."

Mkewe akakitazama kidole, akamtazama yeye.

"Hicho hakijavimba," alisema. "Kweli kabisa."

"Umeona? Ulikuwa umezoea matundu mabaya tu."

"Basi nitakuwekea lile la zamani hapo kwenye mashine. Uliangalie kwanza, baba watoto. Ukiliangalia vizuri utaona."

Alhamisi Kipimo aliliangalia, na aliona. Aliona mpaka akaita "njoo uone" ingawa nyumba ilikuwa tupu. Aliliweka tufe lile lenye ufa juu ya meza, tundu la kidole gumba likimwelekea tumboni. Mkono wa kulia ukilala hapo, kidole cha kati kitakuwa kushoto na cha pete kulia. Jambo ambalo hata mbuzi angelijua kama angekuwa na vidole. Kwenye tufe hili tundu nene la kidole cha kati lilikuwa kulia, na jembamba la kidole cha pete kushoto. Hata tundu la kidole gumba lililala kwenda upande usio wake.

Chingamu alikuwa amekigeuza kipimo. Alishika karatasi kwa nyuma akatoboa hivyohivyo, taya zikitafuna, na mwanamke wa watu akalitupa tufe la kinyume miaka yote hiyo bila kujua. Si ajabu kidole kiliuma! Kipimo alijisikia vizuri kiasi cha kumhurumia kijana. Aliligeuza tufe bovu, akalibana kwenye pete, akalifanyia mazoezi mgongoni, matundu sita, saba, mpaka akajua mashine inapenda kusukumwa vipi. Nyuzi za plastiki zilitoka zikijikunja, zikaangukia viatu vyake, na harufu kali ikatanda chumba chote. Akawa anaimba. Jioni mkewe aliporudi, akamwambia kwamba aliyelitoboa lile la zamani ni mjinga.

Ijumaa mchana akalitoboa lile jipya. Hakuharakisha. Alipiga alama kwa bikari, akapima mara tatu, akaanza na biti nyembamba kisha nene, akiinua kila baada ya nusu sentimita kupuliza nyuzi. Matundu matatu yalitoka safi, na mdomo wa kila moja akaulainisha kwa msasa mpaka ukawa kama ukingo wa kikombe kizuri. Kisha akalifuta tufe kwa kitambaa, akalifunga kwenye taulo, akafunga taulo kwa kamba.

"Naweza kulijaribu?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Hakuna kugusa. Kesho, hukohuko, Chingamu akiwepo."

"Kwa hiyo kesho unakuja?"

"Nakuja. Nataka nione sura yake."

Mkewe akalitazama taulo. "Sawa," alisema. "Njoo uone."

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko alivyofikiria, na kelele zake ni ngurumo inayoanza upande mmoja na kuishia kwa mpasuko upande wa pili. Kipimo aliingia na taulo lake kifuani, akatafuta cha kudharau, akapata viatu vya kukodi, taa za rangi na mtu aliyepiga magoti akiomba kabla ya kutupa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi za watazamaji, akampisha nafasi kama mwenyeji. Kumbe shemeji huja kila mara. Chini kwenye mstari, timu ya mkewe ilikuwa ikipasha misuli kwa matufe ya ukumbi, yale ya kila mtu.

Zamu ya mkewe ikafika. Akachukua tufe, akasimama, akatulia.

Kwanza Kipimo hakumtambua. Nyumbani mkewe alikuwa mtu wa kuchechemea kidogo asubuhi, wa kushika kiuno akiinuka. Huyu alikuwa ameinua kidevu. Alipiga hatua nne laini, goti likakunjika, mkono ukaenda nyuma ukarudi mbele bila haraka, na tufe likaachwa sakafuni bila kishindo. Likaenda pembeni kabisa, karibu na mfereji, Kipimo akajisemea limepotea. Likajipinda lenyewe, likarudi ndani, likaingia kwenye pini zote kumi. Watu wakapiga makofi. Kipimo alikuwa amefungua mdomo, na moyoni alikuwa amefurahi waziwazi, kama mtu aliyekuta nyumba yake ina chumba asichokijua.

Ndipo akaona ni mkono gani.

Alidhani ameona vibaya. Akangoja. Zamu ikazunguka, mkewe akainuka tena, na tufe likakaa kwenye mkono wa kushoto kana kwamba limezaliwa hapo, na mkono wa kulia, ule wenye namba za desimali mbili, ukanyooka pembeni hauna kazi.

"Shemeji," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Kushoto."

Shemeji akamgeukia polepole. "Tangu azaliwe. Shuleni walimchapa mpaka akahamia kulia, kuandika, kula, kila kitu. Hapa hakuna wa kumchapa." Macho yakamshuka mpaka kwenye taulo. "Shemeji. Wewe si umempima?"

Kipimo akasimama. Miguu ilimpeleka chini yenyewe. Mkewe alikuwa anajifuta mikono, na karibu naye amesimama Chingamu, kitambaa begani, taya zikienda. "Shikamoo, mzee," kijana alisema, na Kipimo akasema marahaba bila kujisikia. Kamba ikafunguliwa. Chingamu akalichukua tufe, akatia kidole ndani ya kila tundu, akalinyanyua kwenye taa, akaacha kutafuna.

"Hii kazi safi sana," alisema. "Sijaona mdomo wa tundu laini hivi. Umetumia mashine gani?" Kisha akalizungusha. "Ila ni la mkono wa kulia."

"Ziba utoboe upya," Kipimo alisema haraka. "Naomba."

"Gundi ya kuzibia inataka siku nzima ikauke, mzee. Wanaanza sasa hivi."

Mkewe akalichukua tufe. Akatia vidole vya mkono wa kulia, na vikaingia vyote, kidole gumba mwisho, kama mkono unavyoingia mfukoni mwake. Halikucheza hata kidogo. Akajaribu kushoto. Kidole kinene kikasimama mlangoni mwa tundu jembamba, na kidole gumba kikagoma nusu ya njia. Na hapo Kipimo alikiona kidole gumba hicho kwa mara ya kwanza: kiungo kimevimba kama nundu, ngozi imekuwa ngumu, na mstari wa kidonda cha zamani pembeni.

"Ulijua," alimwambia mkewe. "Tangu Jumatano ulijua."

"Nilikupa mkono," mkewe alisema. "Ukaurudisha." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Nikakupa na tufe la zamani. Ukaniambia aliyelitoboa ni mjinga. Nilichoka, baba watoto. Kaa, tunaanza."

Alicheza na tufe la ukumbi, lenye matundu ya mkono wa mtu yeyote. Alicheza vizuri kuliko ilivyostahili. Kila akirudi kukaa alikikamata kidole gumba kwa mkono mwingine na kukifinya, na wenzake walimletea barafu kwenye kitambaa bila kuulizana. Hakuna aliyemtazama Kipimo. Alikaa na tufe la zambarau mapajani, mita saba kutoka kwa mkewe, hana hata la kushangilia.

Mpaka zamu ya mwisho kabisa ilibaki hivi: nahodha akiangusha pini zote kumi kwa mitupo miwili, wanachukua kombe. Wa kwanza ukaangusha tisa. Moja ikabaki imesimama pembeni kulia, peke yake, nyembamba. Mkewe akapiga hatua zake nne, goti likakunjika, mkono ukaenda nyuma ukarudi mbele, na kidole gumba kikanasa. Kilinasa kidogo sana, lakini Kipimo aliona kwa sababu maisha yake yote aliishi kwa vitu vidogo kama hivyo. Tufe lilichelewa kutoka. Likapita kando ya ile pini kwa upana usiozidi milimita tano, likaingia gizani.

Wenzake walimkumbatia wakamzungushia mikono, wakalia, wakacheka, wakamsifu. Shemeji naye akaenda. Mkewe alikuwa ameinua mkono wa kushoto juu, ngozi ya kidole gumba imechunika, akiwaonyesha na kusema jambo lililowachekesha. Kipimo alitaka kwenda, akajiuliza akifika atashika mkono upi, akabaki alipo.

Baadaye akatafuta chumba cha Chingamu. Kilikuwa nyuma ya rafu za viatu, kidogo, chenye mashine moja. Kipimo aliingia macho yakitafuta kosa, kwa mazoea tu. Biti zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zimepakwa mafuta. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Pete ya kubania tufe ilikuwa imevishwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hata picha iliyokuwa ukutani ilikuwa imenyooka.

"Unaandika vipimo?" aliuliza.

Chingamu akavuta droo iliyojaa kadi, akatoa moja bila kuitafuta. Juu yake kulikuwa na mchoro wa mkono wa kushoto, umezungushiwa penseli, na pembeni maandishi madogo ya miaka kumi na moja, kila mstari na tarehe yake. Kipimo alitoa miwani.

*Nyumbani hutumia kulia. Usimpime kulia.*

*Kidole gumba kinaanza kuvimba. Ongeza nusu milimita.*

*Kafiwa na mama. Amekonda, vidole vimepungua. Nimekwenda msibani. Usitoboe upya, ngoja anenepe.*

*Amenenepa.*

*Asubuhi za baridi kidole cha kati hakikunjiki. Anasema asiulizwe. Sogeza tundu bila kumwambia.*

Aliisoma mpaka mwisho, akairudia. Mkono ule ulikuwa umemkandia viungo kwa miaka thelathini na moja, umemshika hospitalini, umemfunga vifungo siku alizokuwa amevunjika bega, na hakuwa na namba hata moja ya kwake humo.

"Niazime hii," alisema. "Siku mbili tu. Nitayaziba yale matundu, nitoboe upya, mwenyewe. Nahitaji vipimo."

Chingamu akaichukua kadi mkononi mwake, taratibu, kama mtu anavyochukua kisu kwa mtoto.

"Kadi haitoki humu, mzee," alisema. "Na ya nini? Mkono wenyewe si unao nyumbani?"

Akairudisha mahali pake, akaisukuma droo ikafungika, akachukua ufagio.